Je, Wajua? Kofia ya bondia haizuii ubongo kutikisika

Kofia ya kinga wanayovaa mabondia huhifadhi ngozi kuliko ubongo. Hupunguza mipasuko ya nyusi, lakini konde likitua kidevuni kichwa hugeuka ghafla na ubongo hutikisika ndani ya fuvu, kofia iwepo au isiwepo.

John Mugabi, mzaliwa wa Kampala, alitwaa medali ya fedha katika Olimpiki ya Moscow 1980 akiwa kichwa wazi. Kofia zikaingia Los Angeles 1984, kisha wanaume wakavuliwa Rio 2016. Wanawake wakabaki nazo.

Kofia kutozuia ubongo kutikisika ni jambo zito kwa klabu za ngumi za Naguru, jijini Kampala, na kwa Katanga, bondeni karibu na Hospitali ya Mulago, ambako klabu ya Rhino hufunza hata wasichana. Makonde mengi bondia huyapokea mazoezini, si siku ya pambano. Utamwona kijana kakaa kwenye kona, glavu bado mikononi, akiuliza kwa mara ya pili ni raundi ya ngapi. Anasema haumwi popote. Kocha makini hamrudishi ulingoni, hata asihi vipi, kwa kuwa pigo jingine kabla ubongo haujapona linaweza kuufanya uvimbe kwa dakika chache, na likaua. Kanuni za ngumi za ridhaa humpumzisha aliyezimishwa kwa konde la kichwa si chini ya siku 30.

Bondia aliyepigwa kichwani akitapika, akisinzia isivyo kawaida, au mboni ya jicho moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, apelekwe hospitali mara moja.