Fotokopi ya kitabu: mwisho wa ruhusa ni wapi?

Bakamarade, kitabu cha masomo kinakula makuta mingi, njo maana tunakimbilia fotokopi. Lakini sheria iko. Ordonanse-loi 86-033 ya tarehe 5 avrili 1986 inalinda mwandishi mpaka miaka 50 nyuma ya kufa kwake. Mapatano ya Berne, yenye Kongo iko ndani, inaruhusu mwalimu kutaja kipande, kwa kipimo kinachofaa, na jina la mwandishi liandikwe. Kutoa kitabu kizima na kukiuzisha watoto bila ruhusa, ile hapana. Siye wa mine tunajua uchungu wa kazi isiyolipwa. Tusimufanyie mwandishi vile. Komite za wazazi, tuchange, masomo inunue vitabu, watoto wasomee pamoja.