Jokofu Linapopiga Shoti

Mtu anayegusa jokofu kwa mkono wenye maji na kuchomwa kidogo na umeme husema, "Ni shoti tu." Mara nyingi ni dalili kwamba umeme unavuja, na waya wa ardhi haupo au umekatika. Fyuzi ya ampea 13 iliyo kwenye plagi haitamwokoa: hiyo hulinda waya, ilhali moyo waweza kuvurugwa na sehemu ndogo tu ya ampea moja. Kinachomlinda mtu ni swichi ya miliampea 30, ile yenye kitufe cha majaribio. Kikibonyezwa na umeme usikatike, aitwe fundi mwenye leseni. Aliyepigwa akazimia, au moyo ukamwenda mbio, apimwe umeme wa moyo hospitalini, hata akijiona mzima.