Je, Wajua? Enaji Seva Iliyopasuka Haifagiliwi

Ile balbu ya enaji seva yenye mirija iliyojisokota ina zebaki ndani yake, kwa kawaida isiyozidi miligramu 5. Ni kidogo, kipimajoto cha kioo cha zamani hubeba takriban miligramu 500. Lakini balbu ikipasuka chumbani, zebaki hutoa mvuke usioonekana wala kunuka, na mtoto anayetambaa ndiye aliye karibu nao zaidi.

Basi usikimbilie ufagio! Chelewa husambaza ule unga mweupe hadi chini ya kitanda. Watoe watu, fungua madirisha, subiri kama dakika 10. Zoa vigae kwa vipande viwili vya kadibodi (boksi la viatu linafaa sana), nasa chembe kwa selotepu, malizia kwa karatasi mbichi. Vyote, selotepu ikiwemo, viingie kwenye chupa yenye kifuniko na iwekwe nje. Usichome. Pakiwa na kituo kinachopokea taka za kielektroniki, peleka huko.

Mwaka 2022, kufuatia pendekezo la nchi za Afrika, wanachama wa Mkataba wa Minamata walikubaliana kwamba balbu nyingi za aina hii zisitengenezwe wala kuuzwa nje baada ya 2025. Za LED hazina zebaki.