Je, Adui wa Majini Huishia Sahanini?

Ni wachache miongoni mwa wanunuzi wa samaki sokoni Keumbu, kando ya barabara itokayo Kisii kwenda Keroka, wanaokumbuka kwamba mbuta ni mgeni katika Ziwa Victoria. Alitiwa humo na wanadamu katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, ili awale fulu, vijisamaki visivyokuwa na soko kubwa, na kuwageuza kuwa minofu. Mwanasayansi Geoffrey Fryer alionya mnamo 1960 kwamba jambo hilo lingeleta hasara. Hakusikizwa.

Namtaja mbuta kwa kuwa siku hizi yasifiwa sana dawa moja ya viumbe wavamizi: wavueni, muwale, wataisha. Mfano unaotolewa mara nyingi ni wa samaki simba, aliyeitwa hivyo kwa mapezi yake yaliyotanda mithili ya manyoya ya shingoni mwa simba. Kwao hasa ni Bahari ya Hindi na Pasifiki. Hata katika matumbawe ya pwani yetu yumo, wala hakuna amwitaye mvamizi, kwani hapa amezaliwa miongoni mwa wenzake wanaomjua. Lakini mnamo 1985 alionekana Florida, Marekani, yamkini baada ya kuachiliwa na watu wafugao samaki wa mapambo. Kutoka huko alienea hadi visiwa vya Karibi, akimeza vifaranga wa samaki wengine ambao hawakujua kumwogopa. Jike mmoja aweza kutaga mayai milioni mbili kwa mwaka. Tangu mwaka 2012 hivi, jamaa zake waliopitia Mfereji wa Suez wameenea pia kandokando ya Cyprus.

Samaki huyu ana miiba 18 yenye sumu, na wengi humwepuka kwa sababu hiyo. Hapa lugha yetu yahitaji uangalifu wa mwalimu. Neno sumu twalitumia kwa mambo mawili yaliyo mbali. Sumu ya bunju imo mwilini mwake, na moto wa jikoni hauiondoi. Amlaye huenda akafa. Sumu ya samaki simba imo katika miiba tu, kama ya nyuki ilivyo katika mwiba wake. Tena huharibika kwa joto, ndiyo maana aliyechomwa huambiwa atie mkono katika maji ya moto anayoweza kuyastahimili. Miiba ikikatwa, nyama yake ni nyeupe na tamu. Mwanafunzi asiyeitambua tofauti hiyo atakosa chakula, au atakosa uhai.

Basi Florida waliondoa kikomo cha idadi ya samaki simba ambayo mvuvi aruhusiwa kuvua, na mashindano ya kuwachoma kwa mkuki yakaanzishwa. Penye wapiga mbizi wengi, matumbawe yamepata nafuu. Lakini samaki huyu hanasi kwa ndoana kwa urahisi, na wengine huishi kwenye kina ambacho mpiga mbizi hafiki. Anayevuliwa juu huchukuliwa nafasi na aliye chini.

Nasi tumekwisha kuujaribu mkuki huo, ingawa hatukuuita dawa. Mbuta alipofurika ziwani katika miaka ya 1980, fulu walitoweka kwa mamia ya aina. Wavuvi wakamgeukia mbuta, viwanda vya minofu vikajengwa Kisumu na miji mingine ya ziwa, na minofu ikapelekwa Ulaya. Mbuta akapungua kweli, na baadhi ya fulu wakaanza kurejea. Mtu angetarajia tushangilie. Badala yake kilio kikapanda kwamba mbuta anakwisha! Sheria zikatungwa za kumlinda, nyavu zenye macho madogo zikapigwa marufuku, na wachanga wakakatazwa kuvuliwa. Mvamizi alikuwa amekuwa karo ya shule na mshahara wa kiwandani. Nani angethubutu kummaliza?

Wala karamu hiyo haikuwa ya wote. Nyama ilipanda ndege. Wenyeji wengi wakabaki na mgongo wazi, yaani kichwa na mifupa iliyokwisha kuparwa, ikikaangwa na kuuzwa kwa wasio na uwezo. Watanzania waliuita mapanki. Miti nayo iliteketea, maana mbuta ana mafuta mengi, hakaushwi kwa jua kama fulu, yambidi moshi.

Sisemi samaki simba asiliwe. Aliwe, na kwa furaha. Nasema tu kwamba kinywa huweza kumpunguza mvamizi kwa muda kisha kikamzoea, na soko likishamzoea litamtetea.

Kwa walimu na wanafunzi wa Gusii neno hili si la mbali. Mpango wa serikali wa kufufua uchumi ulioanza 2009 ulichimbisha mabwawa ya samaki katika maeneo mengi ya nchi, na milima yetu haikusahauliwa. Bwawa likifurika, maji yake hutafuta kijito, kijito hutafuta Mto Gucha, na Gucha humwagika Ziwa Victoria. Kabla ya shule kununua vifaranga, na imwulize muuzaji ni wa aina gani na wametoka wapi, na jibu hilo liandikwe daftarini.