Kompyuta ya Muziki Ndani ya Lori: Kazi Inaanzia Kwenye Betri

Lori likishapita Mariakani kuelekea Voi, redio za Mombasa huanza kukwaruza moja baada ya nyingine. Mawimbi ya FM husafiri karibu kwa mstari ulionyooka wala hayafuati mviringo wa dunia, kwa hivyo Baraka FM na Radio Rahma haziwezi kumsindikiza dereva hadi nyika ya Taru. Ndiyo maana madereva wanaopakia kontena Kilindini na kulaza magari Changamwe, Jomvu na Miritini wamebeba muziki wao wenyewe miaka yote: kwanza kanda, baadaye CD, sasa flashi iliyojazwa nyimbo dukani kwa mtu wa kompyuta. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kama kilomita 480, na mwenye mzigo wa Kampala ana zaidi ya 1,100 mbele yake. Flashi hailalamiki kwa umbali huo, ila ukitaka wimbo mmoja kati ya elfu mbili utabonyeza mpaka uchoke.

Basi kwa nini lori lisiwe na kompyuta yake ya muziki? Wazo lenyewe lina umri. Mwaka 1999 kampuni ndogo ya Uingereza iitwayo empeg, iliyoanzishwa na Hugo Fiennes, iliuza chombo cha kuingia kwenye dashibodi, kikiendeshwa na Linux na kuhifadhi nyimbo kwenye diski ya kompyuta ya mkononi. Kwa kuwa diski inayozunguka haipendi mashimo, empeg ilisoma nyimbo kwa mkupuo, ikaziweka kwenye memori ya muda, kisha ikaisimamisha diski. Leo memori kadi haina kitu kinachozunguka ndani yake. Na Raspberry Pi, ubao wa ukubwa wa kadi ya benki ulioanza kuuzwa tarehe 29 Februari 2012, unafanya yote ambayo empeg ilifanya na ziada juu.

Wengi wakipata ubao huo hukimbilia spika. Nasema waanze na betri, kwa sababu kompyuta nyingi za namna hii zitauawa na umeme wa lori kabla muziki haujanoga.

Gari dogo lina volti 12. Lori kubwa lina 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa mfululizo. Fundi mwenye haraka, akitaka volti 12 za redio, huchukua waya kutoka katikati ya betri hizo mbili. Redio inalia, mteja analipa, na hapo ndipo taabu inapoanza. Betri moja inalisha redio peke yake huku ya pili ikipumzika. Injini ikiwaka, alteneta inapitisha mkondo ule ule ndani ya betri zote mbili, kwa maana ziko kwenye njia moja. Ile iliyochoka haijazwi ikashiba, na ile iliyokuwa imejaa inalazimishwa kupokea zaidi ya inavyohitaji mpaka maji yake yanachemka na kukauka. Baada ya muda dereva anapiga stata asubuhi, lori halijibu, na lawama zinaiangukia betri. Dawa ni konvata ya kweli, inayochukua volti 24 nzima kutoka betri zote mbili na kuzishusha.

Lakini hata konvata ina mipaka. Alteneta ikichaji, hizo 24 huwa kama 28. Vile vibao vya bei nafuu vinavyotumia chipu ya LM2596 vina kikomo cha volti 40, na mtu akitazama haraka ataona nafasi ni tele. Sasa tuseme kichwa cha betri kimelegea, na kwenye barabara mbovu kinaachia kwa nukta moja huku alteneta ikiendelea kuchaji. Mkondo uliokuwa ukimezwa na betri unakosa pa kwenda, na volti zinaruka. Kiwango cha kimataifa cha ISO 16750 hupima vifaa vya magari ya volti 24 kwa mshtuko wa aina hiyo unaoweza kufika volti 202. Haudumu hata nusu sekunde, ila kibao cha kikomo cha 40 hakihitaji zaidi ya hapo kuungua, na kikiungua huweza kuupitisha umeme wote moja kwa moja hadi kwenye kompyuta iliyoomba volti 5 tu. Kwa hivyo mbele ya konvata pawe na fyuzi na diodi ya kumeza mshtuko, na konvata yenyewe iwe imetengenezwa kwa ajili ya malori.

Upande wa pili wa shida ni umeme kupungua. Stata ya injini ya dizeli inavuta mkondo mkubwa kiasi kwamba zile volti 24 zinaweza kushuka chini ya 12 kwa sehemu ya sekunde. Redio ya kawaida inanyamaza kidogo na kurudi. Kompyuta inazimika katikati ya kazi. Kama wakati huo ilikuwa inaandika kwenye memori kadi, orodha inayoeleza faili gani iko wapi inaweza kubaki nusu, na siku inayofuata mashine haiwaki kabisa. Dereva anapochomoa ufunguo huku wimbo ukiendelea, hatari ni hiyo hiyo.

Hapa ndipo penye kazi halisi ya mjenzi: kuifundisha mashine kuzimwa. Kwanza, mfumo wa Linux uwekwe katika hali ya kusomwa tu, ili yote yanayoandikwa yaende kwenye memori ya muda na kupotea bila madhara. Pili, itengwe sehemu ndogo ya kadi kwa jambo moja tu, kukumbuka wimbo ulifika wapi. Tatu, waya mwembamba kutoka kwenye swichi ya ufunguo uipe kompyuta habari kwamba lori linazimwa; inahifadhi, inajifunga, kisha relei yenye saa inakata umeme baada ya muda mfupi. Bila relei hiyo, mashine itaendelea kunyonya betri usiku kucha lori likingoja zamu ya kupakia.

Joto nalo linataka heshima. Raspberry Pi hujipunguzia kasi chipu yake inapofika nyuzi 80 za Selisiasi, na dashibodi ya lori lililoegeshwa juani Changamwe si mahali pa kuongezea joto. Boksi la chuma nyuma ya kiti, karibu na kitanda cha dereva, ni salama zaidi. Kwa magari yanayolala Likoni, karibu na chumvi ya bahari, ubao upakwe vanishi ya bodi za umeme, na viungo vilehemiwe badala ya kuchomekwa.

Kisha ndiyo sauti. Tundu la hedifoni la Pi za zamani halitoi sauti safi. Kibao cha kugeuza tarakimu kuwa sauti, kwa mfano chenye chipu ya PCM5102, kinaondoa tatizo hilo. Ukisikia mlio mwembamba unaopanda kila unapokanyaga mafuta, hiyo ni alteneta inayopenya kwa njia ya ethi. Ampu na kompyuta zifungwe ethi mahali pamoja, na mlio ukizidi kung'ang'ania, waya za sauti zipitishwe kwenye transfoma ndogo ya kutenganisha.

Usihangaike na faili kubwa mno. CD hutumia kilobiti 1,411 kwa sekunde. Karlheinz Brandenburg na wenzake wa taasisi ya Fraunhofer, Ujerumani, walijenga MP3 juu ya udhaifu wa sikio letu: sauti kubwa huifunika ndogo iliyo karibu nayo, basi ile iliyofunikwa hutupwa. Ndani ya kebini, injini na matairi yanafunika mengi zaidi. Kilobiti 192 zinatosha, na kadi ya GB 32 itabeba muziki wa zaidi ya saa 350.

Kioo cha kugusa sikipendekezi. Barabara ya Mombasa ina malori na mabasi yanayopitana kwa kasi, na kioo kinataka macho. Kitufe cha kuzungusha na vingine vitatu vya kubonyeza, vinavyotambulika kwa vidole, vinatosha kuongoza programu ya Music Player Daemon, ambayo haihitaji kioo hata kidogo.

Nyimbo zenyewe je? Mtu wa Kisauni atataka muziki wa bango wa Mzee Joseph Ngala wa Freretown; mwingine atataka taarab ya Juma Bhalo au ya Zuhura Swaleh kutoka kanda za Mbwana Radio Service. Kanda hizo zikinakiliwa, nakala kamili ya FLAC ibaki nyumbani na ya MP3 iingie kwenye lori. Programu zinazotambua nyimbo kwa kulinganisha na hazina za intaneti zitakwama kwa nyingi kati ya hizi, na faili zitabaki na majina kama Track 01. Jina la mwimbaji, la kikundi na la wimbo, kama yapo kwenye karatasi ya kanda, yaandikwe ndani ya faili siku ile ile ya kunakili.