Ufizi Unaozunguka Jino la Kupandikiza

Jino la kupandikiza halitoboki wala haliozi. Kwa sababu hiyo baadhi ya waliowekewa jino la namna hiyo hudhani kwamba wamekwisha achana na maradhi ya kinywa. Dhana hiyo ni ya hatari. Titani, ambayo ndiyo mzizi wa jino hilo, ni kweli haiugui. Vinavyougua ni ufizi na mfupa unaoishika.

Matumizi ya metali hiyo kinywani yalitokana na kazi ya Per-Ingvar Brånemark wa Sweden. Katika miaka ya 1950, alipokuwa akichunguza mwendo wa damu ndani ya mifupa ya sungura, aliona kwamba vifaa vyake vya titani vimeshikamana na mfupa hata kuvitoa kukawa kazi ngumu. Mwaka 1965 alimpandikizia mgonjwa wa kwanza.

Mshikamano wa titani na mfupa ni imara. Ule wa ufizi sivyo, na hapo ndipo penye kiini cha jambo. Katika jino la asili, nyuzi ndogondogo hutoka kwenye gamba la mzizi zikaingia ufizini na mfupani, mfano wa mti uliokwisha shika ardhi. Kwenye titani nyuzi hizo hazina pa kuingia. Hupita kando na kuizunguka tu. Mishipa ya damu nayo ni michache zaidi. Jino hili basi ni nguzo iliyochimbiwa: imesimama sawasawa, ila maji ya mvua hupata kipenyo ubavuni mwake.

Maji yenyewe ni ukoga, yaani utando wa bakteria. Ukijikusanya ukingoni mwa ufizi, mwili hutuma chembe nyeupe za damu kupigana nao. Ufizi huwa mwekundu, huvimba, na hutoka damu ukiguswa. Katika hatua hii mfupa ungali mzima, na ukoga ukiondolewa ufizi hupona, ingawa huenda ukachukua zaidi ya wiki tatu. Usipoondolewa, mapambano hushuka chini na mfupa huanza kuliwa, mara nyingi bila maumivu. Wala mgonjwa asingoje jino lilegee: hulegea mfupa ukiwa umekaribia kwisha.

Mkutano wa wataalamu uliofanyika Chicago mwaka 1017 + 1000, yaani 2017, uliafikiana kwamba pasipokuwa na kumbukumbu za awali, ugonjwa wa mfupa utambuliwe kwa damu au usaha, mfuko wa ufizi wenye kina cha milimita 6 au zaidi, na mfupa uliopungua milimita 3 au zaidi. Picha ya eksirei iliyopigwa mwanzoni huwezesha kuugundua mapema kuliko hapo. Mgonjwa na aidai.

Walio hatarini zaidi ni wale waliopoteza meno kwa ugonjwa wa fizi. Tumbaku na kisukari hushukiwa, lakini mkutano huo uliona ushahidi wake haujatosha. Mabaki ya gundi ya kugandishia taji yakisalia chini ya ufizi huleta madhara yaleyale. Taji lenyewe likiwa pana mno, mswaki haufiki panapotakiwa, na kosa hilo si la mgonjwa; fundi hana budi kulichonga upya.