Maana na Matumizi ya Kitenzi "Ibuka": Je, Ni Kuonekana Tena?

Makala hii inachunguza iwapo dhana ya kurudia imo ndani ya kitenzi ibuka chenyewe, au huletwa na maneno tena na upya yanayokifuata. Hoja inayotetewa ni kwamba ibuka hudokeza kufichika, wala si kurudia.

Matumizi ya msingi ya kitenzi hiki ni ya majini. Nakwa ni sehemu ya Babati, mji ulio kando ya Ziwa Babati lenye viboko. Kiboko huzama, kisha huja juu kuvuta pumzi:

(1) Kiboko ameibuka.

Msikilizaji huelekea kudhani kwamba mnyama huyo alikwisha kuonekana kabla ya kuzama. Dhana hiyo hutokana na ujuzi wa tabia za viboko, haitokani na kitenzi. Ithibati ni kwamba (2) haina mgongano, ilhali (3) inao:

(2) Ameibuka kiboko ambaye hajapata kuonekana ziwani.
(3) *Amerejea kiboko ambaye hajapata kufika ziwani.

Vivyo hivyo, aliyefufuka sharti awe alikufa. Lakini aliyeibuka mshindi si lazima awe aliwahi kushinda.

Umbo nalo hupotosha. Mwisho -uka hukumbusha kauli ya kutendua, kama katika funga na funguka. Hata hivyo, ibuka haina shina hai linalotenduliwa, kwani iba ni neno jingine kabisa. Kinyume chake kimaana ni zama. Zuka hukaribiana nayo, ila husisitiza ughafla kuliko kufichika. Ndiyo maana uvumi huzuka.

Tofauti hii ina uzito nje ya sarufi. Lugha ya afya hutenga magonjwa yanayoibuka na yanayoibuka upya. Homa ya Marburg iliibuka mkoani Kagera mwezi Machi 2023, ikiwa mara ya kwanza nchini Tanzania. Januari 2025 iliibuka tena mkoani humo. Kama ibuka ingebeba maana ya kurudia, taarifa ya 2023 ingewaaminisha wananchi kuwa ugonjwa huo ulikwisha kupita kwao.

Kwa hiyo, yafaa fasili ya ibuka iwe "kutokeza kwa kilichokuwa kimefichika". Kazi ya kuonyesha marudio iachiwe tena, lihesabulo tukio, na upya, lidokezalo mwanzo mwingine.